Kutoka Kiunoni Hadi Kidole Gumba

Vua kiatu kwanza, wewe unayenisikiliza. Usione haya, mimi ni mwalimu wa shule ya msingi na nimeona nyayo za kila namna. Sasa gusa kidole gumba cha mguu wako kwa ncha ya kalamu. Umehisi? Basi kabla hujapepesa jicho, habari ya ile kalamu imepanda kutoka kidoleni, imepita kisigino, goti na paja, imefika karibu na uti wa mgongo, pale kiunoni. Na njia hiyo yote ni mkia wa seli moja tu. Sisi walimu huwaambia watoto kwamba seli ni kitu kidogo kisichoonekana kwa macho. Ni kweli, lakini hii ina mkia mwembamba kuliko unywele na mrefu kama mguu wenyewe.

Nilifundisha habari za seli miaka mingi bila kulijua hilo. Nilikuja kulijua mjini Mbarara, kwa sababu ya miguu ya kaka yangu, na kwa sababu ya beseni la maji nililolijaza kwa mikono yangu mwenyewe.

Tulifika Nakivale, makazi ya wakimbizi yasiyo mbali na Mbarara, miaka ya tisini ikielekea mwisho, tukitokea Kivu ya Kusini. Tulipewa kiwanja upande wa Juru, tukajenga nyumba ya miti na udongo, tukapanda maharage na mahindi kama kila mtu. Kaka yangu, ambaye mimi humwita yaya kama tunavyowaita wakubwa wetu kwetu, hakuwa na mkono wa jembe. Alikuwa na mkono wa spana. Kila baiskeli iliyobeba gunia la mahindi kutoka kwetu ilipita kwake kwanza, na alijua ugonjwa wake kwa kuisikiliza ikiviringika. Mimi nilipata kazi ya kufundisha. Darasani mwangu walikaa watoto wa lugha nyingi, kwa hiyo nilizoea kueleza jambo moja mara tatu kwa njia tatu. Ndiyo maana ananiita mwalimu hata nikiwa jikoni.

Mwaka mmoja, tukiwa tumeshazeeka Juru, alitokewa na uvimbe shingoni. Haukuuma, akaupuuza. Ulipofikia ukubwa wa yai tulimpeleka Mbarara. Huko walikata kipande kidogo wakakipima, halafu daktari akatuketisha akatuambia ni saratani ya tezi za limfu, ya aina ambayo mara nyingi husikia dawa. Dawa zingetolewa mara sita, kila baada ya wiki tatu. Akasema neno moja nililoliandika nyuma ya daftari langu la mahudhurio: anayeishia njiani huurudisha ugonjwa ukiwa na nguvu zaidi. Basi hilo ndilo lililokuwa mbele yetu. Mara sita, asikose hata moja.

Muuguzi aliyetupokea alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye sauti ya kuamrisha. Baba yake alikuwa mwanajeshi, naye alizaliwa na kukulia katika kambi ya jeshi, na Kiswahili chake kilitoka huko huko. Siku ya kwanza alisimama mlangoni akamnyooshea kaka kidole.

"Wewe mzee. Kuja hapa. Toa shati. Kaa."

Kaka yangu, ambaye amewahi kuamriwa mambo mengi na watu wenye bunduki, alitoa shati na kukaa kabla hajafikiri. Kisha akaona muuguzi ameshika pamba tu.

"Ndiyo afande," akasema.

"Mimi si afande. Mimi ni sista."

"Ndiyo afande sista."

Muuguzi alijaribu kukasirika akashindwa. Tangu siku hiyo walitaniana mpaka mwisho, na mimi nilijifunza kwamba ukali wa yule mama ulikuwa katika maneno yake, haukuwa moyoni.

Dawa zilikuwa nne. Moja ya vidonge, mbili za dripu, na moja ndogo ya sindano, nyeupe kama maji, ambayo muuguzi aliisukuma polepole kwenye mpira akiuangalia mshipa bila kuongea. Alituambia hiyo inatokana na ua. Akatuonyesha dirishani, kwenye ukingo wa njia, mimea mifupi yenye maua ya rangi ya waridi, petali tano. Tulicheka, maana ua hilo hilo mke wa kaka alikuwa amelipanda mbele ya nyumba yetu Juru.

"Hapana chemsha nyumbani," muuguzi akasema. "Ile ya nyumbani ni sumu. Hapa inapimwa."

Baada ya dawa ya kwanza uvimbe ulilainika. Baada ya ya pili nilipitisha vidole shingoni mwake nikautafuta nisiupate. Nywele zilidondoka, kofia ikanunuliwa, na mke wake akasema kwa mara ya kwanza ameona umbo la kichwa alichoolewa nacho. Tulikuwa na furaha. Kila mara ya dawa tulikaa siku tatu au nne mjini, Kakoba, katika chumba tulichopewa na mtu wa kanisa letu, ili tusisafiri naye akiwa anatapika.

Kitu ambacho sikukiona ni miguu. Baada ya dawa ya tatu vidole vyake vya miguu vilianza kufa ganzi, kidogo kidogo, kama amevaa soksi ilhali hakuvaa. Halafu ncha za vidole vya mikono. Nati ndogo zilimponyoka, naye akazisingizia grisi. Hakuniambia mimi, hakumwambia mke wake, hakumwambia muuguzi. Alikuwa na hesabu yake kichwani: nikisema, watasimamisha dawa, na uvimbe utarudi. Juu ya hayo, jirani mmoja alikuwa amekwisha kumwambia kwamba miguu inayokufa kuanzia vidoleni ni kazi ya sumu ya mtu, na kwamba sumu ya mtu haitafutiwi hospitali.

Siku moja baada ya dawa ya nne, tukiwa Kakoba, aliniomba maji ya moto ya kukandia miguu. Akasema imechoka. Nilifurahi kupata kazi ya kumfanyia. Nikachemsha maji jikoni kwa mwenyeji wetu, nikatia chumvi na majani ya mpera, nikachanganya na ya baridi kidogo, nikamletea beseni.

Hapa lazima nikueleze desturi ya nyumbani kwetu, maana kosa lilipitia hapo. Kwetu, mdogo hatii mkono katika maji ya kuoga ya mkubwa wake. Kutia mkono ni kama kuonja chakula kwenye sahani yake. Unaleta maji, unauliza, yeye ndiye anayepima kwa mwili wake na kukuambia. Mama yetu alitulea hivyo, na vita haikututoa katika hilo.

Basi nikauliza. "Yaya, yanatosha?"

Akatia miguu yote miwili. "Haya ni ya baridi. Ongeza."

Nikaongeza. "Sasa?"

"Ongeza, mwalimu. Unaogopa nini? Miye si sabuni, sitayeyuka."

Nikaongeza tena, nikaona mvuke, nikamwangalia usoni. Uso ulikuwa umetulia kabisa. Nikaamini uso. Alikaa humo akinisimulia habari za mtu aliyeleta baiskeli isiyo na minyororo akilalamika kwamba haina breki. Alipotoa miguu ilikuwa myekundu, na kufika jioni nyayo na vifundo vilikuwa vimejaa malengelenge. Yeye aliyaangalia kama anaangalia miguu ya mtu mwingine.

Asubuhi tulikuwa mbele ya muuguzi. Alifunua kitambaa, akainama karibu.

"Mzee, hii nini?"

"Maji."

"Maji gani inakula mtu hivi? Nani alipima?"

"Nilipima mwenyewe. Niliona ni ya baridi."

Muuguzi alichomoa kalamu mfukoni. Alichukua kifuniko cha kalamu yake, akamwambia kaka afumbe macho, akakibonyeza kwenye kidole gumba.

"Nagusa wapi?"

"Bado haujagusa."

Alikuwa amekibonyeza mpaka kimeacha alama. Akapanda mguuni, kidole kwa kidole, mpaka karibu na nusu ya muundi ndipo kaka akasema, "Hapo. Sasa umefika."

"Tangu lini?"

"Tangu dawa ya tatu."

"Na wewe iko nyamaza tu?"

"Afande, askari akisema miguu inauma banamutoa mu vita."

"Baba yangu alikuwa askari kweli," muuguzi akasema, akimfunga bandeji kwa upole ambao mdomo wake haukuwa nao. "Yeye alisema mwenye kuficha kidonda, wenzake ndio watambeba."

Kaka aliitazama bandeji. Halafu akasema jambo nililokuwa naliogopa. "Basi imetosha. Nirudi Juru na miguu yenye imebaki. Mara ine nimefanya. Fundi bila miguu, bila vidole, ni fundi gani? Afadhali ule uvimbe, ulikuwa hauniumizi."

Daktari alikuja, akaangalia, akaandika, akaongea na muuguzi kwa Kinyankole. Kisha muuguzi akavuta kiti akaketi mbele yetu. Alichukua boksi tupu la glavu, akalipasua, akachora mstari mrefu upande wa ndani. Mwanzo wa mstari aliweka duara. "Hapa ni mgongo," akasema. Mwisho wake akaweka nukta. "Hapa ni kidole. Hii yote ni kitu moja."

Alieleza kwa Kiswahili chake, na pale kilipokwama alitia Kiingereza, nami nikamgeuzia kaka. Ndani ya ule uzi mrefu, alisema, kuna vibomba vidogo mno, vimepangwa kimoja baada ya kingine toka mwanzo hadi mwisho. Ndivyo vinavyoushika uzi usilegee.

"Kama fito," nikamwambia kaka. "Kumbuka tulipojenga. Udongo ndio unaoonekana, lakini ukuta umesimama kwa fito zilizo ndani. Seli nayo ina kiunzi chake."

Lakini vibomba hivyo si fito tu, muuguzi akaendelea. Ni njia pia. Chakula cha uzi hakipikwi kidoleni, kinapikwa huku juu kwenye duara, halafu kinabebwa juu ya vibomba mpaka chini. Na dawa ya lile ua kazi yake ni kuvizuia vibomba visijengeke. Seli ya saratani inapotaka kujigawa ziwe mbili, hutumia vibomba hivyo hivyo kama kamba za kujivuta huku na huku. Ikikosa kamba haigawanyiki, inakufa. Ndiyo sababu shingo imepona. Neva, yaani ile seli yenye uzi, haijigawi, lakini nayo inavihitaji, na dawa haijui kuchagua.

Kaka alikuwa ameinama juu ya boksi. Niliona sura ile anayokuwa nayo akisikiliza gurudumu.

"Kwa hiyo barabara imekatika," akasema.

"Ndiyo."

"Na barabara ikikatika, fasi ya kwanza kulala njaa ni kijiji cha mwisho."

"Ndiyo, mzee. Ndiyo maana ni vidole kwanza. Uzi wa mguu ndio mrefu kushinda zote."

"Kumbe vidole vyangu ni Juru," akasema. "Chakula kinaishia njiani."

Muuguzi hakuelewa kwa nini mimi na kaka tulicheka mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akageuka. Angeishi kwetu msimu wa mvua, barabara ikiwa tope na lori la chakula halionekani, angeelewa.

Kisha akatueleza la mwisho, ambalo ndilo nilikuja kulipenda kuliko yote. Kijiji hicho kikikosa chakula muda mrefu hakikai kikisubiri. Uzi hujibomoa wenyewe, kuanzia mwishoni kurudi juu, kwa mpangilio, kama watu wanaobomoa nyumba waliyoihama. Lakini duara la juu, pale mgongoni, kwa kawaida linakuwa bado hai. Na likiwa hai, barabara ikirekebishwa, linaweza kuusukuma uzi ukue tena kushuka chini. Polepole sana. Kwa siku hauzidi unene wa sarafu.

"Daktari ameondoa dawa ya ua," akasema. "Zile zingine zinaendelea. Wewe utarudi ya tano na ya sita. Umesikia?"

Kaka alikuwa bado analitazama boksi. Muuguzi akanigeukia mimi, akaongeza kwa sauti ya chini: "Dada, wiki za kwanza itazidi. Dawa imesimama lakini ganzi bado inatembea kidogo. Halafu ndiyo inageuka. Mwambie vizuri."

Sikumwambia. Nitakuambia kwa nini, maana ni kosa la watu wanaopenda kutia moyo. Tukirudi nyumbani, kufika mji mdogo wa Kaberebere njiani, kaka alikuwa ameanza kuniuliza maswali kuhusu vibomba, na niliona uhai umerudi machoni pake. Niliogopa kuuzima. Nikamwambia dawa ya ua imeondolewa, sasa miguu itapona. Nilifundisha nusu ya somo.

Wiki mbili baadaye ganzi ilikuwa imekaribia goti. Mguu wa kulia ukawa hauinuki vizuri mbele. Kila hatua wayo wake ulianguka chini, pa, pa, pa, tukajua anakokuja kabla hajaonekana. Malengelenge yalikuwa yakipona vizuri, lakini yeye hakuyahesabu. Siku ya kwenda kupokea dawa ya tano nilimkuta ameketi kwenye kibanda chake cha baiskeli, hajavaa.

"Siendi," akasema. "Afande wako alinidanganya. Na wewe pia. Mulisema barabara inatengenezwa. Mbona njaa inapanda?"

Mke wake alisimama nyuma yangu akiwa na mfuko umefungwa tayari. Nilitaka kutafuta maneno mazuri. Sikuyapata, nikasema la kweli.

"Yaya, muuguzi hakukudanganya. Aliniambia wiki za kwanza itazidi, halafu itageuka. Alisema nikuambie. Niliogopa utakata tamaa, nikaficha."

Aliniangalia muda mrefu. Upande wa pili wa barabara mtu alipita akisukuma baiskeli yenye magunia mawili, na hata wakati ule kaka aligeuza sikio kidogo kusikiliza gurudumu la nyuma.

"Sasa unacheka miye nilificha miguu," akasema mwishowe. "Wewe ulificha nini?"

"Sicheki."

"Utaandika mistari mia moja. Nitamwambia mwalimu asifiche."

"Nitaandika."

"Alisema itageuka? Kwa mdomo wake?"

"Kwa mdomo wake."

Alinyoosha mkono, mke wake akampa shati. Tulifika Mbarara saa sita, tumechelewa, na muuguzi alipomsikia akija, pa, pa, pa, alisema tu, "Hapo sasa. Nilikuwa nahesabu wewe mtoro."

Dawa ya tano ilipita, ya sita ikapita. Daktari alipapasa shingo, makwapa na tumbo, wakapiga picha, akasema haoni kitu. Tulirudi Juru bila uvimbe na bila vidole vya miguu, kwa maana ya kuhisi. Nikaanza kumpima kila Jumapili baada ya kanisa. Alifumba macho, nami nikamgusa kwa ncha ya spoki kuukuu niliyoizungushia uzi mwishoni. Nilichora mstari kwa kalamu mahali alipoanza kusema "hapo". Jumapili tatu mstari haukusogea. Ya nne ulishuka upana wa kidole kimoja. Nilimwonyesha, akasema kalamu yangu ina upendeleo.

Kisha yakaja maumivu, kama sisimizi wanaouma na moto pamoja. Zamani tungelia. Sasa kaka alikaa akijikunja na kusema, "Barabara inapigwa nyundo." Mguu ukaanza kuinuka. Ile pa, pa, pa ikafifia, na mke wake akalalamika kwamba sasa anamvamia bila kubisha hodi.

Siku ninayoikumbuka zaidi haikuwa ya kupima. Ilikuwa mchana, wakati wa kuvuna maharage ya mwaka uliofuata. Nilikuwa napepeta uani, nikamwona anakuja kutoka kibandani akichechemea, kandambili moja mkononi. Nikainuka haraka, nikidhani amejikata bila kujua.

"Nini, yaya?"

Akaigeuza ile kandambili. Kilianguka kijiwe kidogo kuliko punje ya harage.

"Kilikuwa kinanisumbua," akasema. "Toka kule njiani."

Tulikiangalia kile kijiwe sote wawili. Alikaa juu ya gunia, akavaa kandambili, akaivua, akakirudisha kijiwe ndani, akakikanyaga tena.

Vidole vyake viwili vya mguu wa kulia bado vimelala mpaka leo, na anasema havimdai chochote. Nati ndogo anazishika. Lile ua mbele ya nyumba hakuliruhusu ling'olewe. Akipita hulisalimia, "Afande."

Desturi ya maji tumeibadilisha nyumbani kwetu, kwa ruhusa yake. Na wewe, ukiwa na mgonjwa anayetumia dawa za saratani, muulize leo kama vidole vyake vina ganzi, na kama anayo, mpelekee muuguzi habari hiyo leo hii. Na kabla hajatia mguu kwenye beseni, tia kiwiko chako wewe kwanza, uhesabu mpaka kumi. Kikiungua, ongeza maji ya baridi.